Lenzi Nyepesi na Uso wa Akiru

Nyinyi vijana mnaopiga picha za harusi na mahafali kutoka Malaba mpaka Funyula, swali lenu nalijua hata kabla hamjaketi. Mnafika hapa kwangu Mundika, mnasalimia vizuri, mnapokea chai, halafu mnaitoa ile kamera mkobani kama mtu anayemfunua mtoto mchanga kwenye shuka. "Mama Picha, ninunue lenzi gani ya kupiga watu? Lakini iwe nyepesi."

Ningeweza kuwajibu kwa sentensi moja mkaenda zenu. Ila jibu hilo sikulipata kwenye video mnazotazama kwa simu. Nilipewa na msichana mmoja fundi wa nguo, na mpaka leo nakumbuka alivyonipa. Kwa hiyo kunyweni chai kwanza.

Jina langu ni Perpetua Ajiambo. Kazi ya picha nilifundishwa Malaba na mzee mmoja Mganda aliyeitwa Kizito, mtu mfupi mwenye sauti nene, aliyevaa tai hata siku ya kufagia studio. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja karibu na pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka. Madereva ndio waliotulisha. Dereva anayengoja karatasi zake hana la kufanya. Anaoga, ananyoa ndevu, anakuja kupigwa picha ya kumtumia mkewe.

Mzee Kizito alitumia kamera kubwa juu ya stendi ya miguu mitatu, yenye waya mrefu wa kufyatulia. Akishaweka fokasi, sura ikaonekana safi, hakukaa nyuma ya kamera. Alisimama kando yake, ameshika ule waya kama mtu anayeshika kamba ya mbuzi, akaanza kuongea. "Ssebo, bwana wangu, umetoka mbali? Huko kwenu mvua imenyesha?" Mtu anajibu, anasahau, na waya unafyatuliwa bila yeye kujua. Mimi nilidhani mzee anafanya hivyo kwa sababu kamera yake ni ya zamani na haina namna nyingine. Nilipopata kamera ya kushika mkononi, ya kubandika jichoni, nilijiona nimeendelea.

Miaka ikapita, filamu zikaisha, tukaingia kwenye digitali, na mimi nikanunua lenzi ambayo watu wa Malaba waliijua kuliko walivyonijua mimi. Ilikuwa themanini na tano, yenye tundu la moja nukta nne. Kwa wale ambao bado mnajifunza: namba ya kwanza inakuambia lenzi inavuta mtu karibu kiasi gani, na ya pili inakuambia tundu lake linafunguka kiasi gani. Hiyo ya pili ikiwa ndogo, tundu ni kubwa, mwanga unaingia kwa wingi, na vitu vya nyuma vinayeyuka, uso unabaki peke yake. Themanini na tano inapendwa kwa sura za watu kwa sababu inakufanya usimame mbali kidogo, pua haivimbi na masikio hayakimbilii nyuma.

Lenzi ile ilikuwa na mdomo mpana kama kikombe cha uji. Nikiingia nayo kanisani watu walinipisha. Watoto walifikiri natoka televisheni. Na mimi, sitawaficha, nilifurahia.

Lakini chuma ni chuma. Kifundo cha mkono wa kulia kikaanza kuuma, kwanza baada ya harusi, halafu katikati ya harusi, halafu kabla ya harusi kuanza. Daktari akaniambia nipumzishe huo mkono. Nikafunga studio, nikaja Mundika kulima viazi vitamu na kufuga kuku. Watoto wangu wakanichangia zawadi ya kustaafu: moja ya hizi kamera za sasa, mirrorless, zisizo na kile kioo cha ndani kilichokuwa kikipiga makofi kila ukibonyeza. Wakanunua mwili mtupu bila lenzi. "Lenzi si unayo, mama?"

Ninayo. Nikaifunga kwa ile pete ya kuunganishia lenzi za zamani, na pete nayo ikaongeza urefu na uzito. Kamera ndogo nyuma, lenzi kubwa mbele. Ukiiweka mezani inainama na kugusa pua chini. Nikaitundika ukutani, nikarudi kwa viazi vyangu.

Hapo ndipo Mzee Ekisa alipokuja.

Alikuwa mkulima kutoka Moding, mrefu, mpole, tuliyefahamiana naye kanisani. Alishuka kwenye bodaboda, akapangusa vumbi, akaketi hapo mlipoketi nyinyi.

"Mama Picha, nasikia uliacha kazi."

"Niliacha, mzee."

"Basi ni vizuri. Mtu ameacha kazi ako na wakati."

Nikacheka, naye akacheka kidogo, lakini nikaona hakuja kwa mzaha. Binti yake, Akiru, alikuwa anaolewa baada ya mavuno. Mchumba ni Wandera, fundi wa malori pale Malaba, kijana wa maana. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kimoja.

"Picha amekataa," alisema. "Amesema mtu akikuja na kamera kanisani, yeye anatoka."

"Kwa nini?"

Akatoa mfukoni picha chache na kuziweka mezani. Moja ya shule, moja ya sherehe ya rafiki, moja ya siku ya kuvishwa pete. Zote zilikuwa na msichana mmoja, na zote zilikuwa na sura moja: macho yametoka, midomo imebanwa, shingo imerudi nyuma kama ya mtu aliyesikia kitu kikivunjika gizani.

"Akiru hasikii," mzee aliniambia. "Homa ilimshika akiwa mdogo, ikaenda na masikio. Lakini kuongea anaongea. Na ukiongea akikuangalia mdomo, anakupata kuliko hata mimi. Shida ni hizi picha. Wandera alitumia mamake hii moja kwa simu. Mama mwenyewe anaishi mbali, hawajawahi onana. Mama akarudisha ujumbe, akauliza, 'Huyu msichana mnamwoza kwa nguvu?'"

"Na Akiru akajua?"

"Alisoma hiyo ujumbe na macho yake. Sasa amesema hataki picha. Na huyo mama naye amesema hawezi kuja kwa harusi ya kulazimisha mtoto wa watu."

Kuku walikuwa wanaparura karibu na miguu yake. Halafu akasema polepole, "Mimi sijui vitu ya kamera. Nimekuja tu kuuliza kama kunaweza kuwa na dawa."

Nikaitoa kamera ukutani.

Akiru alikuwa na chumba cha kushonea pale Malaba, mlango wake ukitazama barabara ya malori. Nilipofika alikuwa anamsimulia mteja kisa, kwa mikono, kwa mabega, kwa nyusi, kwa maneno machache yaliyotoka moja moja. Sikukijua kisa, lakini nilianza kucheka mlangoni kabla hata hajaniona. Sijawahi kuona uso unaosema mambo mengi hivyo kwa wakati mmoja. Nyusi zilikuwa zinauliza, mashavu yanajibu, mdomo unakanusha. Nilijiambia moyoni, hapa kazi ni rahisi kabisa, mtu akikosa picha hapa akauze mboga.

Babake alikuwa ameshamwomba anipe nafasi moja tu, na kwa heshima yake akakubali. Akaketi kwenye stuli. Nikainua lile lenzi langu kubwa, nikaliweka jichoni.

Uso ule ukafungwa. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Kama duka linavyoshusha mlango wa chuma. Nikaona kwenye kamera sura ile ile ya picha za mezani: macho, midomo, shingo. Nikateremsha kamera, nikatabasamu, uso ukarudi. Nikainua, ukaondoka. Nikasema kwa sauti, nikiwa nimejificha nyuma ya lenzi, "Cheka kidogo, mama." Namwambia mtu asiyesikia, na mdomo wangu umefunikwa na mkono na chuma! Nikateremsha tena. Kifundo cha mkono kilikuwa kinawaka moto.

Akiru akainuka kwenye stuli. Sauti yake haikuwa na kupanda wala kushuka, kila neno alilipanga peke yake.

"Ukiweka hiyo kitu kwa uso, wewe unaenda," alisema. "Mimi nabaki na shimo. Siwezi cheka na shimo."

Akarudi kwenye cherehani, akaanza kukanyaga.

Nilisimama pale nikiitazama lenzi yangu upande wa mbele, upande ambao mpiga picha haangalii. Kweli lilikuwa shimo. Jeusi, pana, linang'aa. Na nyuma yake mtu hayupo. Mtu anayesikia, hata ukijificha, sauti yako inamfikia, anajua uko. Akiru anasikiliza kwa kutazama nyuso, na kila aliyempiga picha tangu utotoni alimwondolea uso katikati ya mazungumzo. Wewe fikiria unaongea na mtu vizuri, ghafla anatoweka na badala yake kuna mdomo wa pipa umekuelekea. Ungefanya sura gani?

Siku iliyofuata nilipanda bodaboda mpaka mjini Busia, kwa Abdalla. Huyu ni mfanyabiashara wa kamera na vifaa vyake, mtu mtaratibu, ambaye hakuuzii kitu mpaka akuulize maswali kama anayekutafutia mchumba. Aliniwekea kiti.

"Mama, lenzi ya kazi gani?"

"Ya sura za watu. Nyepesi. Na fupi, isinifunike. Nataka mtu aliye mbele yangu aendelee kuniona."

Abdalla akanitazama. "Nimeulizwa lenzi ya kufanya mtu aonekane mweupe, nimeulizwa ya kuondoa kitambi. Hiyo yako sijawahi ulizwa." Halafu akaingia nyuma, akarudi na tatu.

Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo swali lenu lilipo.

Ya kwanza ilikuwa themanini na tano ya moja nukta nne, mpya, ya kamera hizi. Picha yake tamu, huwezi kuikana. Lakini nilipoifunga na kuishika kwa mkono mmoja, ilikuwa kama kilo ya sukari iliyoning'inia mbele. Nikairudisha. Ya pili ilikuwa hamsini ya moja nukta nane, ndogo, nyepesi, unaweza kuisahau mfukoni. Niliipenda mpaka nilipojaribu kujaza uso wa Abdalla kwenye picha. Ilibidi nimsogelee mpaka nikasikia harufu ya iliki ya chai yake, na pua yake ikatangulia mbele ya mwenyewe. Hamsini ni nzuri kwa mtu mzima kuanzia kiunoni, au watu wawili watatu kwenye chumba kidogo. Kwa uso peke yake, inakupeleka karibu mno, na mtu hapendi kuingiliwa.

Ya tatu ilikuwa themanini na tano ya moja nukta nane. Imetengenezwa kwa ajili ya kamera hizi, haihitaji pete. Mwili wake ni plastiki ngumu, uzito kama parachichi moja lililoshiba. Tofauti ya moja nukta nne na moja nukta nane kwenye picha ni ndogo, nyuma bado kunayeyuka vizuri. Tofauti yake mkononi ni kubwa. Nyinyi mnaolilia zile namba ndogo, sikatai, kuna kazi zinazozihitaji, lakini ulizeni kwanza mkono wenu.

Na usinunue kwa kuangalia sanduku. Ifunge kwenye kamera yako mwenyewe. Ishike usawa wa kifua huku ukipiga soga na mwenye duka; kama chai yake inapoa na mkono wako umeanza kulalamika, iache. Ielekeze dirishani uone kama mwanga unaifanya picha iwe nyeupe kama maziwa. Mwambie mtu atembee kuja kwako uone kama fokasi inamfuata au inabaki nyuma. Na ujue sensa ya kamera yako, kile kibao cha ndani kinachopokea picha. Abdalla alinieleza kwamba wenye sensa ndogo wakinunua themanini na tano watajikuta wanapiga picha kutoka nyumba ya jirani. Hao wachukue ya hamsini na sita au karibu hapo, nayo itawapa mtazamo ule ule.

Nilidhani tumemaliza. Abdalla akasema, "Ngoja, mama, hii kamera yako hujaijua." Akainua kile kioo cha nyuma kinachoonyesha picha, kikatazama juu, akabonyeza kitu, akaniambia nimwelekezee. Kisanduku kidogo cha kijani kikatokea kwenye jicho lake. Akageuza kichwa, kisanduku kikageuka naye. Akatembea mpaka mlangoni na kurudi, nacho kikarudi naye, kimeng'ang'ania jicho.

"Ikishashika jicho, wewe hauna kazi ya kuangalia kamera," alisema. "Angalia mtu."

Nikaishikilia kamera kifuani. Nikamtazama Abdalla usoni, si kwenye kioo, nikabonyeza. Haikutoa hata sauti. Nikatazama kilichotoka, nikakikuza. Kope za Abdalla zingeweza kuhesabiwa. Ndani ya mboni ya jicho lake niliona mlango wa duka, mwanga wa barabarani, na mimi, mwanamke mdogo kabisa ameshika kitu kifuani.

Nikakaa chini.

"Mama, uko sawa?"

Nilikuwa sawa. Ila nyinyi mmezaliwa kamera zikifanya hivi, hamwezi kujua. Mimi maisha yangu yote ya kazi niliishi na jicho moja limefungwa. Nimezungusha pete ya fokasi nikiwa nimebana pumzi, nimekosa bibi harusi, nimekosa askofu, nimeipata kola ya shati na kukosa uso. Sasa kifaa cha plastiki kinaniambia, jicho nimelishika mimi, wewe nenda kaongee na mtu. Nilishikwa na hofu ile ya kanisani, ile nzuri.

Nikiwa kwenye bodaboda kurudi nyumbani nikamwona Mzee Kizito, Mungu amrehemu, amesimama kando ya kamera yake na waya mkononi. Hakuwa amepitwa na wakati. Mimi ndiye niliyekuwa nimepiga kona ndefu, na sasa narudi pale pale alipokuwa amesimama.

Abdalla alikuwa ameniruhusu niondoke na lenzi nikaijaribu, kwa kuaminiana. Nikamrudia Akiru asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Aliponiona akaitazama kamera kwanza. Akaona imepungua. Akanionyesha kwa vidole: ndogo?

"Ndogo," nikasema.

Nikaweka stuli yake ndani, hatua chache kutoka mlangoni, ambapo mwanga wa nje unaingia laini bila jua. Themanini na tano inahitaji nafasi, kwa hiyo mimi nilibaki nje, chini ya ukingo wa paa, malori yakiunguruma mgongoni mwangu. Nikavuta mkanda wa shingo ukakaza, nikashika kamera kifuani, kioo kikinitazama juu. Mkanda uliokaza unazuia mtikisiko. Na shata, lile pazia la ndani linalofunguka na kufunga, iwekeni ya haraka, msiiamini sana mikono yenu. Kisanduku cha kijani kikashika jicho la Akiru. Nikaacha kukiangalia.

Alikuwa ameanza kubana midomo. Akainua macho kutoka kwa lenzi, akanikuta.

"Bado uko?" akauliza.

"Niko."

"Hauendi?"

"Siendi. Niko hapa."

Lori moja kubwa likapiga honi nyuma yangu mpaka mabati yakatetemeka. Sikusikia hata sauti yangu mwenyewe. Lakini midomo yangu ilikuwa imesema kitu, na Akiru akajibu. Hapo nikashtuka. Kwenye kelele ile ya Malaba, ambapo watu wenye masikio wanapigiana makelele na hawaelewani, sisi wawili tulikuwa tunaongea kama tuko chumbani. Nikaacha kabisa kutumia sauti. Nikawa nasogeza midomo tu.

Nikamsimulia kisa cha koti. Studio ya Mzee Kizito ilikuwa na koti moja jeusi la kuwaazima wateja, la mtu mnene. Mtu mwembamba akilivaa tulilikaza kwa nyuma na vibanio vya kuanikia nguo, na kwa mbele anatokea kama waziri. Siku moja dereva mmoja aliitwa ghafla kwamba karatasi zake ziko tayari, akakimbia nalo. Akavuka mpaka, akaonyesha pasi yake, akashuka kula hotelini Tororo, akazunguka na kusalimia watu kwa madaha, amevaa koti zuri na vibanio vimejipanga mgongoni kama ndege kwenye waya wa stima. Alilirudisha safari iliyofuata, hajui kwa nini watu wa Tororo ni wachangamfu hivyo.

Nilimwonyesha dereva alivyotembea. Nilimwonyesha vibanio. Akiru akaanza kwa macho, kisha mashavu, kisha akatupa kichwa kando na uso wote ukafunguka, na mikono yake ikapanda kuuliza, kweli? kweli? Kidole changu kilikuwa kinabonyeza chenyewe, kimya kimya, bila makofi ya kioo, bila chochote cha kumwambia kwamba anapigwa picha. Nikiinua nyusi, zake zinainuka. Nikifanya huzuni ya uongo, anainamisha kichwa kunipa pole ya uongo. Nikagundua mashavu yangu yanauma. Nilikuwa nimekenua barabarani, bibi mzima, nasogeza midomo bila sauti, na watu wa bodaboda wamesimama kutazama.

Kila alichofanya uso wa Akiru kilikuwa jibu la kitu ambacho uso wangu umeuliza. Na nikawaza watu wote niliowahi kupiga, wanaosikia na wasiosikia, ni wangapi waliojibu ile lenzi ya kikombe cha uji, si uso wangu.

Nikaingia ndani, nikampa kamera. Akaanza kupitisha picha moja moja kwa kidole gumba. Akapunguza mwendo. Kwenye moja akasimama. Ilikuwa ile ya mikono imepanda, mdomo uko katikati ya neno, macho yamejaa mtu mwingine aliye nje ya picha. Mwanga wa mlangoni ulikuwa umetua kwenye shavu lake, na nyuma yake vitambaa vyote vya dukani vimeyeyuka vikawa rangi tu.

"Hapa naongea na wewe," alisema.

"Ndiyo."

Akaendelea kuitazama. "Kwa kioo najiona nimenyamaza. Sijawahi jiona nikiongea."

Nilishika ukingo wa cherehani nikatazama pembeni.

Lenzi niliinunua, bila shaka. Wandera alituma picha moja kwa mamake, na jibu likaja fupi: "Nimemwona. Nakuja." Akaja kweli, na vitenge viwili vya zawadi, na siku ya harusi alikaa mbele ya Akiru akimtazama usoni na kuongea polepole, na binti akimfundisha kwa mikono jinsi ya kusema asante. Mimi nilizunguka kanisani na uwanjani siku nzima na kamera kifuani, na kifundo hakikuuma hata nilipofika nyumbani. Kwa hiyo mkiniuliza lenzi gani, nawaambia hiyo: themanini na tano ya moja nukta nane, au nduguye wa sensa ndogo, mradi isikufunike uso na isikuchoshe hadi ukaanza kuharakisha watu.

Lakini nimeruka siku moja, na hiyo ndiyo ninayoikumbuka kuliko harusi yenyewe. Ni siku niliyosafisha ile picha ya mikono kwa ukubwa wa kutundika ukutani, nikaipeleka pale dukani kwa Akiru. Mzee Ekisa alikuwa amekuja kutoka Moding kuichukua. Alikuwa amevaa shati la kanisani.

Nikamfungulia karatasi. Akaipokea kwa mikono miwili, akasogea nayo mlangoni kwenye mwanga. Akaishika mbali, akaishika karibu. Akamtazama yule wa kwenye picha, halafu akainua macho akamtazama binti yake aliyesimama karibu na cherehani na futi ya kupimia shingoni, halafu akarudi kwenye picha. Alifanya hivyo mara kadhaa, bila haraka, kama mtu anayelinganisha mbegu. Malori yalikuwa yanapita, vumbi linaingia, wala hakujali.

"Leo wamefanana," akasema.

Aliisema kwa sauti ndogo, karibu na kidevu chake, na honi ya lori ikaimeza. Mimi mwenyewe, niliyekuwa kando yake, niliikisia tu. Nikageuka ili nimwambie Akiru babake amesema nini.

Haikuhitajika. Alikuwa anamtazama mdomoni, na alikuwa ameshaanza kulia.